Karafuu Tano

Mshumaa wetu wa Pasaka hapa nyumbani ni mfupi na mnene, wa nta halisi ya nyuki, rangi yake manjano iliyokolea. Tunaununua kwa mzee mmoja mfugaji nyuki, kusini-magharibi mwa Chicago, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza. Jioni ya Jumamosi Kuu tunaulaza mezani juu ya gazeti, nami nachora msalaba kwa ncha ya kisu cha matunda. Juu ya msalaba naandika Alfa, chini yake Omega, na katika pembe zake nne tarakimu nne za mwaka, vilevile padre atakavyofanya usiku ule kwenye moto mpya, nje ya kanisa. Kisha zinafuata chembe tano za ubani kwa heshima ya madonda matano ya Bwana. Ubani hatuna, kwa hiyo tunatumia karafuu, na hatuko peke yetu katika hilo. Ni desturi ya familia nyingi za Kikatoliki za huku zinazojitengenezea mshumaa. Zetu zinatoka kwenye kopo la viungo vya pilau. Anayezichomeka ni mwanangu wa kati, mwenye miaka 5. Anaibana karafuu kwa vidole viwili, ncha ya ulimi imechungulia pembeni mwa mdomo, anasukuma kwa kidole gumba; nta inagoma kidogo, halafu inalegea, na kikonyo kinazama mpaka kinabaki kichwa peke yake, kile kijiduara chenye meno manne. Harufu inapanda. Jiko lote linanukia Pemba, na nje ya dirisha nyasi za Illinois ndiyo kwanza zinarudia ukijani.

Mshumaa ninaoufikiria hapa ni wa mwaka 2025. Mtoto huyu alikuwa ameanza tu kuzijua tarakimu, na tano yake bado aliiandika imegeukia upande usio wake. Alizisoma moja moja kwa kidole akiuzunguka msalaba: mbili, sifuri, mbili, tano. Dada yake wa miaka 7 akamsaidia kuziunganisha. Akanyamaza, halafu akauliza, "Mwaka ndio huu mshumaa?" Dada akamwambia hapana, mwaka ni siku zote tulizo nazo. Mtoto akautazama mshumaa, akautazama mlango wa jiko, akauliza hizo siku ziko wapi. Hakuna aliyemjibu, maana kitindamimba wetu alikuwa ameshatumbukiza mkono kwenye kopo la karafuu.

Swali lile limekaa nami tangu siku hiyo. Kila asubuhi katika nyumba hii tunashughulika na herufi na tarakimu. Tunaziandika kwa chaki, kwa penseli, kwa kidole kwenye unga uliotandazwa juu ya sinia. Mtu mzima huzipita bila kuziona. Tunasoma barua, risiti, kibao cha barabarani, na hakuna anayesimama kuitazama herufi yenyewe. Lakini Kanisa, katika usiku wake mkuu kuliko yote, linashika vitu hivihivi vya mtoto wa chekechea, herufi ya kwanza na ya mwisho ya alfabeti ya Kigiriki na tarakimu nne, na kuviweka juu ya kitu kitakachotangulia mbele ya watu wote gizani. Mtoto anayehangaika na *a* yake ya kwanza amekwisha kufika ukingoni mwa jina ambalo Kristo anajiita katika kitabu cha Ufunuo. Nimemshika mkono kuichora hiyo *a* mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwahi kuliona hilo mpaka niliposhika kisu na nta.

Na kinachonigusa zaidi ni kwamba mwaka unaandikwa kwenye nta. Wajenzi wa zamani waliotaka mwaka wao ukumbukwe waliuchonga kwenye jiwe juu ya mlango, nasi tunausoma mpaka leo. Mshumaa umetengenezwa ili uishe. Ule wa parokiani unawaka siku zote 50 za Pasaka mpaka Pentekoste, baada ya hapo unawekwa karibu na kisima cha ubatizo, na kila mtoto anapobatizwa unawashwa ili mshumaa wake mdogo upate moto humo. Unawashwa tena kando ya jeneza siku ya mazishi. Yaani mwanadamu anakutana nao akiwa hajui kusoma ule mwaka, na anakutana nao tena akiwa hawezi tena kuusoma. Katikati ya siku hizo mbili ndipo tunapomfundisha tarakimu.

Katika Mbiu ya Pasaka, wimbo mrefu unaoimbwa kando ya mshumaa uliowashwa, tangu kale nyuki wamesifiwa kwa kazi yao. Watoto walikuwa wamejifunza habari za nyuki katika wiki zile za Kwaresima. Walijua kwamba nta haichumwi kwenye ua. Hutoka kwenye mwili wa nyuki mwenyewe, vijigamba vyembamba vinavyojitokeza chini ya tumbo la nyuki kibarua angali kijana, wa wiki mbili hivi. Anavichukua, anavitafuna, anavijenga kuwa sega. Ili mzinga utoe kilo moja ya nta, lazima uteketeze kilo kadhaa za asali. Na kibarua wa kiangazi huishi wiki sita hivi, basi. Sega alilolijenga watalitumia wengine. Binti yangu alilipigia hesabu jambo hili kwa uzito mkubwa, akatangaza kwamba nyuki waliotoa nta ya mshumaa wetu wote wameshakufa. Nikamwambia kwamba kwetu nta ni mali ya zamani sana, kwamba Tabora na nchi yote ya miombo imejulikana kwa asali na nta tangu enzi za mababu, na mizinga ya magogo huning'inizwa mitini hata leo. Usiku ule kanisani, nyuki walipotajwa, alinivuta mkono. Somo la sayansi lilikuwa limefika kwenye Mkesha wa Pasaka, na hakuna kengele iliyolia katikati kuvitenganisha. Kama kuna jambo moja ninalolithamini katika kusomesha watoto nyumbani, ni hilo: kwamba nyuki wa asubuhi na nyuki wa usiku wanabaki kuwa nyuki walewale.

Majira ya kuchipua ya huku yana haraka. Kwaresima huanza ardhi ikiwa ngumu na miti mitupu, kisha linatokea juma moja la jua na kila kitu kinageuka. Robini, ndege mwenye kifua cha rangi ya tofali, anakimbia uani akitafuta minyoo. Forsithia inajaa maua manjano kabla haijatoa jani hata moja. Korongo wanapita juu sana wakielekea kaskazini, na sauti zao zinafika kabla wao wenyewe hawajaonekana, hata watoto wanatoka nje na daftari mkononi na kusimama wamekodoa macho kwenye anga tupu. Sikukuu yenyewe imefungwa kwenye majira haya. Tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 Kanisa limetaka Jumapili moja kwa waamini wote, na kanuni ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Mwaka 2025, miaka 1700 baada ya Nikea, Wakatoliki na Waorthodoksi walijikuta wanaiadhimisha siku moja, Aprili 20. Tulitoka nje na watoto usiku kadhaa kabla ya hapo kuutazama mwezi ukijaa, na kitindamimba akauaga kila tulipoingia ndani.

Anayeishi hapa anaweza kudhani kwa urahisi kwamba Pasaka na maua ni kitu kimoja. Mimi nililelewa na Pasaka ya masika. Kilema, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako misheni ilianzishwa mwaka 1890, Pasaka huja na mvua. Mto unanguruma bondeni, mlima umejificha nyuma ya mawingu kwa majuma, watu wanashuka kanisani wamekunja suruali na kubeba viatu vya sikukuu mkononi, na nyumbani wazee wanazungumzia mahindi ya shamba la tambarare, kama yameota au yamesombwa. Kule hakuna kilichokufa kwa baridi kikangoja Machi kifufuke. Mgomba haujawahi kupukutisha majani. Na ukienda kusini zaidi mwa bara letu, Pasaka inawakuta watu majani yanaanguka na baridi inabisha hodi. Hawa wote wanaimba Aleluya ileile.

Kwa hiyo ninajitahidi, kwa upole, kuwalinda watoto wangu wasije wakaifanya forsithia kuwa ushahidi. Ua hurudi lenyewe kila mwaka na hakuna aliyewahi kulikimbia kwa hofu. Wanawake waliokwenda kaburini alfajiri walikimbia. Walichokikuta hakikuwa kimeahidiwa na udongo wala na mwezi, hakikuwahi kutokea kabla na hakikutegemea majira. Maua ni wageni waalikwa katika sikukuu hii: wakifika tunawafurahia na kuwapa nafasi mezani, wasipofika sikukuu iko palepale. Mtoto wa kati aliniuliza kama Yesu alifufuka kwa sababu theluji iliyeyuka. Nilifurahi kuulizwa hivyo waziwazi, kwa kuwa watu wazima wengi wanaliamini jambo hilo kimyakimya bila kuliuliza.

Ndugu nyumbani huuliza swali jingine. "Kwani huko shule hakuna?" Shule zipo, tena nzuri, zenye maktaba na viwanja. Jibu letu ni jepesi: baba yao anafanya kazi zamu ya usiku katika maghala yaliyozagaa upande huu wa Illinois. Watoto wangekwenda shule, yeye angekuwa anarudi wao wakitoka, na wao wakirudi yeye angekuwa anajiandaa kuondoka. Wangemjua kama viatu mlangoni. Tukaamua kwamba saa ile ya asubuhi, anaporudi amechoka na macho mekundu, ndiyo iwe saa ya kwanza ya masomo. Anakaa nao mezani, wanasali pamoja, anasikiliza mmoja akisoma, anakunywa chai yake, halafu anakwenda kulala na nyumba inajifunza kunong'ona.

Sheria ya huku inaturuhusu, na tangu mwaka 1993 hakuna jimbo hata moja kati ya yote 50 linalokataza. Ruhusa hii ina historia ndefu. Mwaka 1922 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kuwalazimisha karibu watoto wote wa miaka 8 hadi 16 kusoma katika shule za umma. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria, waliokuwa na shule zao, walikwenda mahakamani, na mwaka 1925 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mtoto si mali ya serikali na kwamba wazazi wana haki ya kuelekeza malezi yake. Illinois nayo, mwaka 1950, mahakama yake ya juu ilikubali kwamba nyumba inayofundisha kwa dhati inaweza kuhesabiwa kuwa shule binafsi. Ninawafikiria wale masista mara kwa mara. Walipigania madarasa yao, na mama aliyeko jikoni miaka 100 baadaye amenufaika. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya malezi ya Kikristo, la mwaka 1965, nalo linawaita wazazi walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na linaongeza kwamba wakishindwa katika hilo ni vigumu sana kupata wa kuziba nafasi yao.

Hata hivyo siwezi kuandika neno baya juu ya shule. Mimi nilifundishwa na masista, na kila nilicho nacho cha kuwapa watoto hawa kilipitia mikononi mwao. Mwalimu Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu kabla hajawa kiongozi wa nchi, aliandika katika *Elimu ya Kujitegemea*, mwaka 1967, kwamba zamani mtoto wa Kiafrika alijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wake, na akalalamikia shule inayomtoa mtoto kwa watu wake na kumrudisha mgeni. Hakuzifunga shule, alijenga nyingi. Alichotaka ni kwamba elimu isimng'oe mtu. Hicho ndicho ninachokitaka kwa watoto wanaokulia mbali na kila kaburi la ukoo wao. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa kawaida methali hii husemwa kwa kumtisha mtoto mtukutu. Mimi naisikia ikimsemesha mama. Inamkumbusha kwamba ulimwengu hauchoki, una masaa yote, na yeye anayo haya machache.

Machache hayo yanakwendaje? Mtu akituchungulia dirishani asubuhi ya Mei hataona kitu cha kusimulia. Binti anasoma kwa sauti kuhusu mto Mississippi. Wa kati anaimba silabi, *ba be bi bo bu*, na Kiswahili kinampa zawadi yake ya kale: ukishajua silabi, umejua kusoma; baadaye akifungua kitabu cha Kiingereza anagundua kwamba herufi za huko hubadili sauti bila taarifa, na analalamika kwamba hiyo si haki. Kitindamimba amevaa kiatu kimoja. Maziwa yanamwagika. Mtu anapiga kelele kwamba kuna nyuki, nyuki wa kweli, juu ya ua la dandelioni, na darasa zima liko nje peku kwenye nyasi baridi kabla sijaweka kalamu chini. Saa sita mchana tunasimama. Kipindi cha Pasaka hatusali Malaika wa Bwana. Tunaimba Malkia wa Mbingu, na kila mmoja ana noti yake. Kisha ugali, kisha usingizi wa mdogo, kisha udongo, kwa kuwa mchicha hauwezi kuwekwa ardhini kabla baridi ya usiku haijakata, na huku haikati mpaka katikati ya Mei.

Jioni, ukiniuliza leo kimefundishwa nini, sina cha kuonyesha. Ukurasa mmoja wenye tano tatu zilizogeuka na moja iliyosimama sawa. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema, lakini kibaba hiki siwezi kukichungulia kuona kimefika wapi. Kuna siku uchovu unakaa kifuani, na rozari inasaliwa na mtu anayeshikilia shanga ileile kwa sababu amesahau yuko fumbo gani. Hapo ndipo nta inaponisaidia. Nilizoea kudhani kwamba siku njema ni ile inayoacha kitu kilichochongwa. Sasa naona kwamba saa nyingi za kulea zimekusudiwa zitumike, ziwake na kuisha, na mtu apate kuona njia wakati zinawaka. Mtoto hatakumbuka asubuhi hata moja kati ya hizi kwa jina lake. Atakumbuka kwamba palikuwa na mwanga, au hatakumbuka na atautembea tu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka mwaka ule, kabla hakujapambazuka, simu ilitetemeka. Baba yao, akiwa kazini, alikuwa amesikia habari kutoka Roma kwamba Papa Fransisko amefariki. Mshumaa wetu ulikuwa na siku mbili. Asubuhi tuliuwasha mezani, karafuu tano zikiwa bado zinanukia, na watoto wakaambiwa. Kwao Papa Fransisko alikuwa jina linalotajwa katika kila Misa, ndani ya Sala ya Ekaristi, kabla ya jina la askofu; hawakuwahi kusikia Misa isiyo na jina hilo. Jumapili iliyofuata padre alipofika pale akapita bila kutaja jina la Papa. Binti yangu alinigeukia, macho makubwa. Alikuwa amesikia kimya cha neno moja, na nadhani ndipo alipoelewa kifo cha mtu kuliko alivyoelewa kwa maelezo yangu yote.

Mei 8 tulikuwa kwenye hesabu, saa tano asubuhi na dakika chache kwa saa za Chicago, moshi mweupe ulipotoka. Zaidi ya saa moja baadaye tukalisikia jina: Papa Leo wa Kumi na Nne, mzaliwa wa Chicago, aliyekulia Dolton, mji mdogo ambao tunaupita tukienda kununua unga wa ugali. Majirani walitoka nje wakiitana. Siku zilizofuata kaka zake wakawaeleza waandishi wa habari kwamba alipokuwa mtoto alicheza Misa nyumbani, ubao wa kupigia pasi ukiwa altare. Binti alinitazama na kumtazama mdogo wake, maana katika nyumba yetu altare ni kasha la viatu na paroko ana miaka 5. Kilema kaka zangu walicheza Misa vilevile, chini ya migomba, majani yakiwa kanzu na vipande vya ndizi vikiwa hostia, na mama aliwaacha mpaka wamalize ndipo awatume maji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani, na wanateolojia wameandika kurasa nyingi juu ya maneno hayo. Watoto wamekuwa wakiyatekeleza bila kuyasoma.

Mkono mmoja haulei mwana, na hii ndiyo hofu yangu ya kweli. Nyumba inayofundisha peke yake inaweza kujifunga mlango. Kwetu mtoto hulelewa na ua zima, na tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoziweka jumuiya ndogondogo za Kikristo mbele katika miaka ya 1970, hata sala ya nyumba moja ina majirani ndani yake. Hapa inabidi jumuiya hiyo itafutwe kwa gari. Tunakutana na familia za Wakongo, Warundi na Wakenya wanaosali Kiswahili, kila moja na lafudhi yake. Sebule inajaa viatu, mama mmoja kutoka Bukavu anawafundisha watoto wote nyimbo kwa ukali wa upendo, na mzee wa Burundi aliyekuwa katekista anawasikiliza mmoja mmoja Kanuni ya Imani, kiti chake kikiwa kimeelekea dirishani. Watoto wangu wanamwogopa na kumpenda. Wakirudi nyumbani wanasahihishana kwa sauti yake. Mwezi wa Mei, mwezi wa Maria, tunasali rozari huko kwa zamu, na watoto huchuma maua ya kando ya barabara kwa ajili ya sanamu, mengi yake dandelioni, ambayo wenye nyasi nzuri huyang'oa na ambayo nyuki huyahitaji kabla maua mengine hayajafunguka.

Na kuna bibi yao. Saa nne asubuhi yetu ni saa kumi na mbili jioni Kilema, na hiyo ndiyo saa ya kumpigia. Yeye alijifunza kusoma kwa katekista, sala na herufi kwa pamoja, ubao mmoja kwa watoto wengi, na ndiye aliyeniuliza kwanza kama huku shule hakuna. Mwishoni mwa Mei ile binti yangu aliomba amsomee. Alichagua habari ya wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, kwa Kiswahili, kutoka Biblia yenye kava lililochanika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Soma, nakusikia."

Akasoma. Alikwama kwenye neno moja, bibi akamngoja bila kumpa. Akalikata silabi kwa silabi, akalipata, akaendelea. Kidole chake kilikuwa kinatembea chini ya mstari na mdogo wake alikuwa ameegemea bega lake akifuatilia, midomo ikicheza. Walipofika mahali mkate unapomegwa, upande wa pili wa simu paliingia kishindo kikubwa. Masika yalikuwa bado hayajamaliza, na mvua ilikuwa imeanguka juu ya bati kwa mpigo mmoja.

"Subiri," bibi akapaza sauti. "Mvua imekufunika. Sijasikia alivyofanya. Anza tena hapo wanapokaa mezani, na usome kwa nguvu!"

Binti akasimama juu ya kiti, akavuta pumzi, akaanza tena, na safari hii mdogo wake akasoma naye kila neno alilolijua.